Asilimia ya Mafuta ya Mcheza Densi Si ya Kutangazwa Kundini

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha lishe ya michezo yameongezeka, na mengi yanafanana: mkufunzi amewapanga wasichana mbele ya mizani ya umeme, akasoma asilimia ya mafuta kwa sauti, kisha akaituma orodha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tunaamini wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Hata hivyo, kipimo hicho hakiaminiki, na kusambaza majibu yake kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Mizani ile haioni mafuta. Hupitisha umeme hafifu kutoka wayo mmoja hadi mwingine, ikapima jinsi mwili unavyouzuia, kisha ikakisia. Umeme hupita kirahisi penye maji. Mchezaji aliyetokwa na jasho mazoezini atapata jibu tofauti na la asubuhi, ingawa mafuta yake hayajabadilika. Kumpokonya nafasi jukwaani kwa sababu hiyo ni kumdhulumu. Uwiano wa uzito na urefu nao hautofautishi msuli na mafuta, hata ukikokotolewa na programu ya simu.

Sisi hutumia zaidi koleo la mikunjo ya ngozi. Tunapima upande wa kulia, sehemu nane zilizotiwa alama, kuanzia nyuma ya mkono hadi ndani ya shavu la mguu. Mpimaji hufinya ngozi na mafuta yaliyo chini yake bila kushika msuli, huweka koleo sentimita 1 kutoka vidoleni, na husoma baada ya sekunde 2. Kila sehemu hupimwa mara mbili. Majibu yakipishana kwa zaidi ya asilimia 5, hupimwa mara ya tatu. Tunajumlisha milimita na kuishia hapo. Fomula ya mwanasayansi William Siri ya 1961, inayotumiwa sana kukokotoa asilimia, huchukulia kwamba mwili ukiondolewa mafuta una msongamano uleule kwa watu wote. Mifupa ya msichana wa miaka 14 bado inakomaa, kwa hiyo fomula hiyo haimfai.

Na huyo wa miaka 14 hapaswi kupimwa kabisa, isipokuwa daktari aone haja. Huo ndio ushauri wa wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki tangu 2023 kwa walio chini ya miaka 18.

Wazazi hutuuliza asilimia inayomfaa mcheza balei. Haipo. Muulizeni binti kama amekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, au kama mifupa ya mguu inapata nyufa mara kwa mara. Hizo ni dalili kwamba huenda chakula hakitoshelezi mazoezi. Kukosa hedhi si ushahidi wa bidii. Tumelirudia hili mno.

Kwa Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka taarifa za afya zishughulikiwe na mhudumu wa afya au chini ya dhamana yake, au na mtu anayebanwa kisheria kutunza siri. Taarifa za mtoto huhitaji pia idhini ya mzazi au mlezi. Anayekiuka sheria hii akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Mbali na hiyo, Kamishna wa Data anaweza kutoza faini ya hadi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo.

Aliyekwisha kutuma orodha aiondoe kundini na asiitumie kupanga nafasi. Mchezaji mwenye dalili tulizozitaja amwone daktari kabla ya mazoezi yajayo.