Je, wajua kwa nini kichekesho hiki cha safari huwaliza watu?

Kuna sanduku moja kubwa, lenye vishikio viwili, linaloonekana tangu dakika za mwanzo za Planes, Trains and Automobiles, filamu ya Marekani iliyotoka Novemba 1987. Neal Page anakimbilia teksi jijini New York, haangalii chini, anajikwaa kwenye sanduku hilo na kupiga mwereka. Teksi inachukuliwa na mwingine. Mara ya kwanza utacheka. Ukirudi kuitazama huku unajua mwisho wake, sanduku lilelile litakuchoma moyo.

Neal (Steve Martin) ni mtu wa matangazo ya biashara anayetaka kuwahi kwake Chicago kwa Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambapo Wamarekani hukusanyika nyumbani kula bata mzinga. Mwenye sanduku ni Del Griffith (John Candy), muuzaji wa pete za pazia la bafuni, mwema kupita kiasi na mwenye maneno mengi. Theluji inafunga uwanja wa ndege wa Chicago, ndege yao inatua Wichita, Kansas, na tangu hapo hawaachani: treni inaharibika njiani, wanapanda basi, kisha gari la kukodi linateketea. John Hughes, mwandishi na mwongozaji wake, alichota kisa hiki kwenye safari yake mwenyewe iliyoishia Wichita badala ya Chicago.

Sasa, machozi yanatoka wapi? Yanatoka kwenye siri ambayo filamu inaiweka wazi mbele yetu nasi hatuioni, kwa sababu tumeshughulika kucheka. Del hana kwake. Mkewe, Marie, alifariki miaka minane iliyopita, na tangu hapo anazunguka tu.

Tazama usiku wa kwanza kule Wichita. Wamelazimika kulala kitanda kimoja, uvumilivu wa Neal unakwisha, anaanza kumshushua Del: hadithi zako hazina kichwa wala miguu, unanichosha. Kamera inabaki usoni mwa Candy. Tabasamu linazimika polepole, macho yanalowa, naye hajibu kwa hasira. Anasema: najipenda nilivyo, mke wangu ananipenda, wateja wangu wananipenda. Lisikilize hilo “ananipenda”. Angesema “alinipenda”, siri ingefichuka palepale. Picha ya Marie anayo, tena huiweka karibu na kitanda kama mtu anayempigia mkewe simu kila jioni. Baadaye, Neal anapopata chumba kwa kutoa saa yake ya thamani, Del anakataliwa kwa kukosa pesa. Anakaa nje ndani ya gari lililoungua, theluji inamwangukia, anazungumza na Marie peke yake. Hata hapo mtazamaji hudhani ni mume aliyemkumbuka mkewe aliyeko nyumbani.

Jibu linakuja Chicago. Wameagana, Neal yuko kwenye treni ya mjini, anajikumbusha vituko vya njiani na kucheka. Kisha kicheko kinakatika. Maneno ya Del yanamrudia moja baada ya jingine, likiwamo lile la kwamba hajafika nyumbani kwa miaka. Inasimuliwa kwamba Hughes aliiacha kamera ikimrekodi Martin akiwa ametulia tu, akiwaza mistari yake, na nyuso hizo ndizo zilizotumika. Kwangu mimi hiki ndicho kipande bora kuliko vyote: hakuna anayetuambia kitu, tunagundua pamoja na Neal, kwa kasi yake.

Anarudi stesheni. Del bado amekaa palepale, na sanduku lake.

Candy alifariki Machi 1994 akiwa na miaka 43 tu, yuko Mexico akirekodi filamu nyingine. Wengi wetu tulimjua kupitia Home Alone, iliyoandikwa na Hughes huyohuyo, akiwa yule mwanamuziki anayempa mama lifti afike kwa mwanawe siku ya Krismasi. Lakini ukimtaka Candy mwenyewe, mtafute kwenye dakika za mwisho za filamu hii ya 1987. Wanaume wawili wanatembea kuelekea nyumbani kwa Neal. Sanduku lililomwangusha New York wamelibeba pamoja, kila mmoja na kishikio chake. Mlango unafunguliwa, Del anamsalimu mke wa Neal, na picha inagandia kwenye tabasamu lake.