Kasi ya raketi ya mpira wa meza: maana yake na jinsi ya kuipima

Pakiti ya raba, yaani tabaka la mpira linalobandikwa juu ya ubao wa raketi, huja na namba tatu: kasi, spini (mzunguko wa mpira) na udhibiti. Mnunuzi huona kasi 95 kwenye moja na 88 kwenye nyingine, akachukua ya 95. Shida ni kwamba kila kampuni hupima kwa mizani yake, na 95 ya kampuni moja haina undugu na 95 ya nyingine. Isitoshe, namba hiyo moja inaficha jambo kubwa zaidi, kwamba raketi haina kasi moja.

Ina kasi ya mguso, yaani jinsi mpira unavyoruka ukiguswa tu, kama kwenye bloku (kuzuia pigo la mpinzani) au mpira mfupi wa kudondoshea ng'ambo ya neti. Halafu ina kasi ya nguvu, yaani jinsi mpira unavyoondoka mkono unapopiga kwa uwezo wake wote. Raketi mbili zinaweza kulingana kwa ile ya kwanza na kuachana mbali kwa ya pili. Mchezaji anayelalamika kuwa raketi yake "ina kasi mno" mara nyingi anasumbuliwa na kasi ya mguso peke yake: bloku zinapita meza, servisi fupi zinarefuka, lakini akivuta mkono mzima mpira haumdhuru mpinzani.

Tuanze na ubao. Kanuni za ITTF, shirikisho la kimataifa la mpira wa meza, zinadai angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mbao asilia. Tabaka la nyuzi, kaboni kwa mfano, linaruhusiwa, ila lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo. Mbao nyingi za kuchezea zina unene wa milimita 5 hadi 7 na uzito wa gramu 80 hadi 95. Miti inayotumika sana humo, limba na ayous, asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati. Inasafiri hadi viwanda vya Ulaya na Asia, kisha inarudi Afrika kwa bei ambayo mwanafunzi wa Kakamega hawezi hata kuiuliza.

Ubao mgumu usiopinda huurudisha mpira mapema. Ubao unaopinda kidogo huukalisha mpira kwa muda mrefu kidogo kuliko huo, na muda huo ndio mchezaji huuhisi kama udhibiti. Kwenye mbao zenye kaboni, mahali ilipolazwa ni muhimu kuliko jina lililochapishwa kwenye mpini. Ikiwa chini tu ya tabaka la nje, mpira hushtuka hata kwa mguso mdogo. Ikiwa karibu na kiini, pigo jepesi huhisika kama la mbao tupu, na kaboni huamka mkono ukiongeza nguvu. Muuzaji akishindwa kukwambia kaboni iko tabaka la ngapi, chungulia ukingo wa ubao. Mstari mweusi mwembamba utauona.

Raba nayo ni vitu viwili vilivyobandikwa pamoja: ngozi ya juu yenye vipele upande mmoja, na sponji chini yake. Vyote pamoja na gundi havipaswi kuzidi milimita 4.0. Ngozi ndiyo inayoushika mpira na kuuzungusha. Sponji ndiyo inayoamua kasi, na hapa ndipo wengi hupotea. Sponji laini ni kama godoro jembamba juu ya kitanda cha mbao: ukikaa taratibu unabembelezwa, ukijitupa mgongo unakutana na mbao. Kwa mguso inarusha mpira haraka bila kuombwa. Kwa pigo kubwa mpira unagota kwenye ubao, sponji haina kilichobaki cha kutoa, na spini inapungua. Sponji ngumu, hasa ile ya raba za Kichina zenye ngozi inayonata, hufanya kinyume chake: kwa mguso inaonekana imelala, lakini ukiikandamiza kwa mkono mzima inatoa kasi na spini nyingi. Anayeinunua akiwa bado hana pigo kamili hubaki na nusu tu ya raba.

Kuna mtego kwenye digrii za ugumu wa sponji. Raba ya Kichina iliyoandikwa 39 na ya Ulaya iliyoandikwa 47.5 hazikupimwa kwa kipimo kimoja, na ile ya 39 kwa kawaida ndiyo ngumu zaidi. Usilinganishe namba kabla hujajua zimetoka upande gani.

Sasa kupima. Anza na mizani ya jikoni ya kidijitali, kwa sababu mbao mbili za aina ileile zinaweza kupishana gramu 10, na iliyo nzito kwa kawaida ndiyo yenye kasi. Kisha shika mpini kwa vidole viwili na uudundishe mpira juu ya ubao usio na raba. Mlio mwembamba wa juu ni dalili ya ubao mgumu wenye kasi. Mlio mzito wa chini ni wa ubao unaopinda. Zipo programu za simu zinazosoma masafa ya sauti hiyo, na kwa kulinganisha mbao mbili zinasaidia kuliko maelezo ya pakiti.

Kipimo cha kudondosha mpira kinapendwa sana, na kina maana ukijua kinapima nini. Laza raketi kwenye sakafu ya saruji, simamisha rula ukutani, weka simu sawa na usawa wa rula ukirekodi video ya mwendo wa polepole, udondoshe mpira kutoka sentimita 30 mara kumi, uchukue wastani. Kwa kuwa ubao umelala sakafuni hauwezi kupinda, kwa hiyo unapima raba karibu peke yake. Ukitaka kuuingiza ubao kwenye kipimo, bana mpini ukingoni mwa meza chini ya kitu kizito na kichwa cha raketi kikining'inia hewani. Lakini mpira ulioanguka sentimita 30 hufika chini kwa takriban mita 2.4 kwa sekunde tu, na smashi hupita mita 20 kwa sekunde. Hapo umepima kasi ya mguso, basi. Raba ngumu itafeli kipimo hiki na bado ikawa ndiyo inayokufaa.

Kasi ya nguvu hupimwa mezani, na mtu wa kucheza naye. Chora mstari wa chaki sentimita 40 kutoka ukingo wa mwisho wa upande wa mwenzako. Piga mipira ishirini ya mguso mfupi, uhesabu mingapi ingedunda mara mbili upande wake. Pokea topspini ishirini (mipira inayozunguka kwenda mbele) kwa bloku bila kusukuma, uhesabu iliyopita meza. Mwisho vuta topspini ishirini dhidi ya mipira ya bekispini (inayozunguka kurudi nyuma) kwa nguvu zote, uhesabu iliyoangukia nyuma ya mstari wa chaki, iliyotoka na iliyonasa kwenye neti. Raketi inayofaulu mawili ya kwanza na kudondosha mipira mifupi katika la tatu haina kasi ya nguvu ya kukutosha. Ikiwa ni kinyume, punguza unene wa sponji kutoka milimita 2.1 hadi 1.8 kabla ya kukimbilia ubao mwingine.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha ubao na raba zote mbili siku moja hajui amepima nini. Kosa la pili halionekani kirahisi: raba mpya hulinganishwa na ya zamani iliyochakaa, mpya ikasifiwa kwa kunata. Hapo unalinganisha umri. Raba mbili zipimwe zote zikiwa na saa chache za kuchezwa, kwa mpira uleule, na ukumbi uleule.

Ukumbi si jambo dogo kwetu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, na topspini huzama kwa sababu hewa inausukuma chini mpira unaozunguka. Hewa ikipungua, mpira haupotezi kasi nyingi njiani na hauzami vilevile, hivyo unaenda mbali. Ndiyo maana raba inayosifiwa na wachezaji wa pwani ya China kwa kuupinda mpira vizuri hewani inaweza kutupa mipira nje ukumbini Nakuru. Kisumu adui ni unyevu wa jioni: utando mwembamba wa maji juu ya raba hufanya mpira uteleze, na mchezaji akadhani spini imeisha. Pangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kila seti.

Gundi nayo hubadilisha matokeo. Tumia gundi ya maji, tabaka jembamba kwenye ubao na kwenye sponji, usubiri rangi nyeupe igeuke kuwa angavu kote. Kwenye unyevu wa kando ya ziwa kusubiri huko kunaweza kuchukua muda mara mbili. Laza raba kuanzia kwenye mpini na uisukume kwa chupa ya mviringo bila kuivuta. Raba iliyovutwa hukunja kingo baada ya siku chache. Gundi ya fundi viatu iache kabisa. Viyeyushi vyake huvimbisha sponji, na kwa siku chache raketi inakuwa na kasi ya ajabu kabla haijafa. Gundi za aina hiyo zilipigwa marufuku na ITTF mwaka 2008, na mafuta ya kuvimbisha sponji hayaruhusiwi pia.

Kwa anayejifunza, chaguo salama ni ubao wa tabaka tano za mbao tupu, gramu 85 hivi, na raba za sponji ya wastani ya milimita 1.8 au 2.0. Angalia nembo ya ITTF na namba ya usajili vilivyochapishwa kwenye raba, na ubandike vionekane karibu na mpini. Bila hivyo refa anaweza kuikataa raketi. Osha raba kwa maji na sponji laini kila baada ya mchezo, maana vumbi la Nakuru hung'arisha ngozi mapema, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Ukiona mpira unateleza hata baada ya kuosha, rudia zile bloku ishirini. Kama zinabaki mezani lakini topspini zinanasa kwenye neti, ngozi imekwisha. Nunua raba tu; ubao huo bado una miaka.