Siri zako kwenye kesi ya talaka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaofungua kesi ya talaka huwaogopa wadukuzi. Hatari yenyewe huwa karibu zaidi: ni karatasi wanazozipeleka masijala kwa mikono yao, na simu ambayo namba yake ya siri mwenzao anaijua kwa miaka.

Dhana: Talaka ni jambo la ndani ya nyumba, kwa hiyo jalada lake ni siri.

Nchi nyingi huendesha mahakama kwa uwazi, na kesi za familia hupata nafuu kwa kiwango tofauti kila mahali. Hata pale kesi inaposikilizwa faragha, hilo halimaanishi kwamba jalada limefungwa. Mlango wa chumba unaweza kufungwa, kisha hukumu ikawekwa mtandaoni na majina kamili ndani yake.

Kinga huombwa. Ombi zuri hutaja ukurasa gani, kielelezo gani, madhara gani yanahofiwa (mtoto kutambulika, anwani mpya kujulikana, ugonjwa kuanikwa) na amri gani inatakiwa. Ombi la kufunga jalada zima mara nyingi hugonga mwamba kwa sababu ni pana mno. La kufunga kurasa tatu zenye ripoti ya daktari lina nafasi nzuri zaidi. Liwasilishwe kabla ya hati hizo au pamoja nazo. Amri inayotoka baadaye haimfikii aliyekwisha kuchukua nakala.

Dhana: Usipoandika kila kitu kamili, hakimu hatakuamini.

Hakimu anataka kujua kwamba akaunti ipo, ni ya nani na ina kiasi gani. Kwa kawaida tarakimu 4 za mwisho zinatosha kuitofautisha na nyingine. Mtoto anaweza kutajwa kwa herufi za kwanza za jina na mwaka wa kuzaliwa, pale kanuni zinaporuhusu. Muulize wakili au karani mapema.

Chukua taarifa ya benki ya kurasa 12. Mtu huziba namba ya akaunti ukurasa wa kwanza, akasahau kwamba inajirudia juu ya kila ukurasa. Katikati ya miamala yamo pia majina na namba za simu za watu wasiohusika: fundi, dada, mwalimu wa mtoto. Pitia mstari kwa mstari. Lakini usizibe kiasi, tarehe wala salio, maana hapo unaficha ushahidi. Nakala isiyozibwa itunze, mahakama ikiitaka uitoe.

Dhana: Ukipaka mstari mweusi kwenye PDF, maneno yamefutika.

Kosa hili limewakuta hata mawakili wazoefu. Januari 2019 nchini Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari myeusi. Wasomaji waliyanakili maneno yaliyozibwa, wakayabandika kwingine na kuyasoma yote. Mstari ule ni kama kitambaa juu ya meza: vyombo bado vipo chini.

Tumia programu yenye zana ya kuondoa maneno kabisa, kisha ijaribu kazi yako. Chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu, halafu tafuta namba uliyoiziba. Kwa karatasi, maneno yaliyozibwa kwa wino wa kalamu nzito huweza kuonekana ukiinua ukurasa kwenye mwanga. Toa fotokopi ya ule uliozibwa, uikague, ndipo uiskani. Picha za simu nazo huweza kubeba taarifa za mahali zilipopigwa, basi ondoa taarifa hizo kwenye nakala unayowasilisha na picha ya awali uiache ilivyo.

Dhana: Kulinda siri ni kutomwonyesha mwenzako mali yako.

Sivyo. Mahakama ikikutaka utaje mali, unaitaja yote. Ukigundulika umeficha, unaweza kuadhibiwa, na hata ukweli wako mwingine utatiliwa shaka. Unachoweza kuomba ni amri kwamba nyaraka zitumike kwa kesi hii pekee, zisisambazwe kwa ndugu wala mitandaoni.

Dhana: Nimebadilisha nywila, nimemaliza.

Anza na barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi huweka upya nywila kupitia hapo. Tumia kifaa ambacho mwenzako hajawahi kukishika. Kagua kama kuna anwani inayopelekewa nakala za barua zako, badilisha namba na barua pepe ya kurejesha akaunti, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo. Angalia laini ya simu imesajiliwa kwa jina la nani, maana aliyeisajili anaweza kuomba laini mpya na kupokea namba za uthibitisho.

Tableti ya mtoto ndiyo husahaulika zaidi. Ipo sebuleni, imefunguliwa kwa akaunti yako, na ujumbe wa wakili unachomoza juu ya katuni.

Kama kuna vitisho au kipigo, usikimbilie kubadilisha chochote. Anayekufuatilia ataona amefungiwa na anaweza kukudhuru. Tafuta ushauri wa usalama kwanza, kwa simu nyingine.

Dhana: Meseji zangu ni zangu, naweza kuzifuta, na simu ya mwenzangu naweza kuipekua.

Kufuta ujumbe unaohusu kesi kunaweza kuhesabiwa kuharibu ushahidi. Kuingia kwenye akaunti ya mwenzako bila idhini ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kama mmeoana. Na barua ya wakili ukimtumia rafiki aisome, unaweza kupoteza kinga ya siri kati yako na wakili.

Dhana: Kesi ikiisha, hatari imeisha.

Benki au ofisi ikitaka uthibitisho kwamba umeachika, uliza kama cheti au amri ya talaka inatosha. Mara nyingi inatosha, na hapo hukumu nzima yenye mishahara, magonjwa na majina ya watoto inabaki nyumbani.