Je, wajua? Askari wa farasi asiyejua kusoma aliachaje maisha yake yote kwenye karatasi?

Oktoba 2, 1864, askari weusi wapatao 400 wa jeshi la Kaskazini walipanda mlima kwa miguu kuelekea Saltville, Virginia, mahali palipotoka chumvi iliyotegemewa na majeshi ya Kusini, majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Walikuwa wapanda farasi kwa jina. Farasi waliopewa walikuwa hawajafundishwa, na bunduki zao zilikuwa zile ndefu za Enfield za askari wa miguu, ambazo huwezi kuzijaza risasi ukiwa juu ya tandiko. Wengi wao wiki chache kabla walikuwa bado watumwa huko Kentucky. Njiani askari weupe wa jeshi lao wenyewe waliwavua kofia, wakawazomea na hata kuwaibia farasi. Wakati wa kurudi baada ya mapigano, kamanda wao aliandika, waliowacheka walikuwa kimya. Majeruhi walioachwa uwanjani waliuawa na askari wa Kusini asubuhi iliyofuata.

Kamanda ana jina lake vitabuni. Mimi namfikiria yule askari wa kawaida wa Rejimenti ya 5 ya Wapanda Farasi Weusi aliyeteremka mlima ule akiwa hai. Hajui kusoma wala kuandika. Hana cheti cha kuzaliwa, hana cheti cha ndoa, hajawahi kuandika barua. Halafu leo, akitajwa mmoja wao, mtu aliyepekua nyaraka anaweza kukuambia alizaliwa shamba la nani, mke wa kwanza alitengana naye vipi, na ni goti lipi lililomsumbua mvua ikinyesha. Inawezekanaje?

Kwa sababu uzeeni aliidai serikali pensheni, na serikali haikumwamini. Ingempa hela kwa neno lake tu, tusingekuwa na chochote.

Lakini tuanze pale jeshi lilipomwandika. Faili lake la kwanza ni la utumishi, nalo limehifadhiwa Nyaraka za Taifa za Marekani jijini Washington. Siku ya kujiandikisha karani alijaza urefu wake, rangi ya ngozi, macho, nywele, wilaya aliyozaliwa, umri na kazi. Kwenye kazi utakuta mara nyingi limeandikwa neno moja: mkulima. Mtu aliyelima shamba la mwingine bila ujira tangu utotoni, mbele ya karani wa jeshi ni mkulima kama wakulima wengine.

Baada ya hapo ni kadi tu, moja kwa kila miezi miwili au zaidi: yupo, hayupo, yuko hospitali. Kadi hizi hazikuandikwa vitani. Miaka ya 1880 na 1890 makarani wa Wizara ya Vita walinakili orodha kuukuu za vikosi, jina kwa jina, ili madai ya pensheni yajibiwe haraka. Baadhi yao waliwekwa kwenye jengo la Ford's Theatre, ndiyo, lilelile alimopigwa risasi Rais Lincoln, likiwa sasa limegeuzwa ofisi. Juni 9, 1893, sakafu ziliporomoka na makarani 22 wakafa kazini. Kila ninapoona mwandiko wa karani wa zamani kwenye kadi hizo, nakumbuka kwamba hata kazi ya kunakili majina iliua watu.

Kwa askari wa farasi kuna jambo la ziada la kuangalia. Upande wa Kusini mpanda farasi alikuja na farasi wake mwenyewe, akilipwa senti 40 kwa siku kwa kumtumia. Kwa hiyo kadi yake ina thamani ya mnyama, maana farasi akiuawa vitani mwenye farasi angelipwa. Upande wa Kaskazini farasi kwa kawaida ni mali ya serikali, na kinachoandikwa ni deni la askari: amepoteza mkanda, amepoteza bunduki, akatwe kiasi hiki kwenye mshahara.

Kwenye faili la askari mweusi wa Kentucky kuna karatasi nyingine inayoshtua zaidi. Kentucky haikujitenga na Muungano, yaani upande wa Kaskazini, kwa hiyo bwana aliyekuwa mtiifu kwa serikali aliruhusiwa kudai fidia ya hadi dola 300 kwa mtumwa wake aliyeingia jeshini. Ili alipwe, ilimbidi alete uthibitisho kwamba mtu huyu alikuwa wake: hati ya mauzo, maelezo ya urithi, kiapo cha utii. Baadhi ya madai hayo yamo hadi leo ndani ya faili la askari, yamekunjwa pamoja na kadi zake za vita. Mtafiti anayehangaika kujua babu alitoka shamba gani anaweza kukuta jibu limeandikwa na mtu aliyetaka kulipwa kwa kumpoteza.

Mke je? Rejimenti hii iliundwa Camp Nelson, Kentucky. Wake na watoto waliwafuata waume zao huko, wakajenga vibanda pembeni ya kambi. Novemba 1864 jeshi liliwafukuza wapatao 400 katika baridi kali na kuvunja vibanda vyao, 102 walikufa. Kelele zilizofuata zilichangia kupitishwa kwa sheria ya Machi 1865 iliyowapa uhuru wake na watoto wa askari weusi. Kwenye kadi za askari mwenyewe hakuna hata neno moja la haya. Kadi inasema tu: yupo. Ndiyo maana anayeishia kwenye faili la utumishi anaondoka na mifupa bila nyama.

Nyama iko kwenye faili la pensheni.

Sheria ya 1862 ilimpa pensheni askari aliyeumia au kuugua kutokana na utumishi. Ile ya Juni 1890 ilipanua mlango: aliyetumikia walau siku 90, akaachiliwa kwa heshima, na sasa hawezi kufanya kazi za mikono, apewe dola 6 hadi 12 kwa mwezi, hata kama ugonjwa wake hauhusiani na vita. Madai yakafurika. Mwaka 1887 Ofisi ya Pensheni ilikuwa imekamilishiwa jengo kubwa la matofali lenye mchoro wa udongo uliochomwa unaolizunguka lote, askari wakitembea bila kufika, wapanda farasi wakiwemo. Lingali limesimama Washington hadi leo, sasa ni makumbusho.

Mzee wetu alianza kwa daktari. Jopo la madaktari lilimpima, likaandika uzito, mapigo ya moyo na malalamiko yake. Fomu ilikuwa na mchoro wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma, na daktari alitia alama mahali penye kovu. Waliokaa miaka juu ya tandiko walirudi na magonjwa yao: ngiri, bawasiri, mgongo, mguu uliopigwa teke na farasi. Ukiwa na fomu tano za miaka tofauti unamwona mtu akizeeka mbele ya macho yako, uzito ukishuka, alama zikiongezeka.

Kisha likaja swali la msingi: wewe ndiye kweli? Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kwa aliyezaliwa utumwani. Karani wa mwaka 1864 alikuwa amemwandika kwa ukoo wa bwana wake. Vita vilipokwisha, yeye akachukua jina la baba yake. Sasa anakuja kudai akiwa na jina lisilo kwenye orodha ya kikosi. Sensa za 1850 na 1860 hazimsaidii, kwani watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi tu. Kwa watu wengi wa namna yake, mwaka 1870 ndiyo mara ya kwanza sensa kuwataja kwa jina. Ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa Januari 1921 huko Washington. Zimebaki baadhi ya orodha za maveterani za mwaka huo, na kwa upande wa Kentucky ni sehemu tu.

Kwa hiyo Ofisi ya Pensheni ilimtuma mkaguzi maalumu. Huyu alifunga safari hadi kijijini, akaketi na shahidi mmoja mmoja, akauliza: umemjuaje? Mlikuwa wa bwana yupi? Alimwoa nani, na nani aliwafungisha? Mliyelala naye hema moja yuko wapi sasa? Majibu yaliandikwa kwa sauti ya msemaji mwenyewe, mimi ni fulani, umri wangu takribani miaka kadhaa, kisha akasomewa, naye akatia alama ya X mbele ya mashahidi. Umri wenyewe ulihesabiwa kama bibi zetu walivyohesabu, kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige: alikuwa mkubwa wa kulima mzee fulani alipofariki, mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa vita vilipoanza.

Mwishoni mkaguzi alitoa maoni yake kuhusu kila shahidi, anaaminika au haaminiki. Wakaguzi wengi walikuwa weupe, na weusi walikataliwa mara nyingi zaidi kuliko weupe. Usidanganyike basi na unene wa faili. Afisa aliyesoma vizuri, mwenye vyeti vyake, mara nyingi ana faili jembamba. Alidai, akapewa, basi. Lenye kurasa zaidi ya mia ni la yule aliyeambiwa leta shahidi mwingine, na mwingine tena.

Mjane alipitia njia hiyohiyo. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, hivyo cheti asingekuwa nacho. Sheria ya Julai 1864 ilikubali, kwa wajane wa askari weusi, ushahidi kwamba wawili hao waliishi na kutambuana kama mume na mke. Ushahidi huo ulitoka kwa majirani, na majirani wakiulizwa hawaachi kitu. Utakuta humo mke aliyeuzwa mbali kabla ya vita, mume aliyeoa tena akidhani mwenziwe amekufa, watoto wa tumbo hili na lile. Mwaka 1898 Ofisi ilituma fomu kwa wastaafu wote ikiuliza jina la mke, ndoa ilifungwa lini na wapi, na watoto walio hai na tarehe zao za kuzaliwa. Ukibahatika kuipata, una familia nzima kwenye ukurasa mmoja.

Kisha umri wenyewe ukawa fedha. Sheria ya 1907 iliweka dola 12 kwa mwezi kwa mwenye miaka 62, 15 kwa mwenye 70 na 20 kwa mwenye 75. Hapo ghafla tarehe ya kuzaliwa, isiyowahi kumsumbua mtu, ikawa na bei, na wazee wakaanza kutafuta Biblia ya familia ya bwana wa zamani ambamo watoto wa watumwa wakati mwingine waliandikwa.

Mtiririko huu wa fedha ulidumu kuliko unavyodhani. Irene Triplett wa North Carolina alilipwa dola 73.13 kila mwezi hadi alipofariki Mei 2020 akiwa na miaka 90. Baba yake, Mose Triplett, alianza vita upande wa Kusini, akatoroka, akajiunga na kikosi cha Kaskazini cha askari wa miguu waliopewa farasi. Alimzaa Irene akiwa mzee kabisa.

Kwa mzee wetu, karatasi ya mwisho kwa kawaida ni fupi: jina, namba ya cheti, alilipwa mara ya mwisho lini na kiasi gani, ameondolewa kwenye orodha kwa sababu ya kifo. Baada ya hapo kuna jiwe. Tangu 1879 serikali ilitoa jiwe la kaburi kwa askari wake hata kama amezikwa makaburi ya kijijini. Jiwe liliagizwa kwa kufuata kumbukumbu za jeshi, kwa hiyo juu yake mara nyingi limechongwa jina alilopewa na karani mwaka 1864. Wajukuu wanaotafuta kaburi kwa ukoo aliouchagua mwenyewe hulipita.