Trekta likigoma kuwaka, usianze na betri

Mvua za kwanza zikishuka Tabora, mara nyingi mwezi wa 11, simu yangu huanza kuita kabla ya jua. Iwe ni Urambo, Kaliua au Sikonge, maneno hayabadiliki: "Fundi, trekta limegoma. Betri nimeshanunua mpya na bado limegoma." Hapo mtu ameshatoa pesa ya mbolea, na tatizo bado liko palepale lilipokuwa.

Nazungumzia matrekta madogo ya dizeli, yale ya silinda 3 na nguvu za farasi 20 hadi 40 hivi, mengi yao mitumba ya Japani: Kubota, Yanmar, Iseki. Umeme wake ni volti 12 na ni wa kawaida sana. Dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta yanajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Kwa hiyo umeme una kazi chache tu: kupasha joto silinda kwa hita plagi, kuzungusha stata (mota inayoizungusha injini mpaka iwake), kuruhusu mafuta yapite, kisha taa na saa za dashibodi. Ukijua ni kazi ipi imekwama, nusu ya ufundi umeshaumaliza, na hilo unaweza kulijua kwa sikio kabla hujashika spana.

Geuza funguo usikilize. Likilia "tak-tak-tak-tak" mfululizo kama linatetemeka, umeme upo ila hautoshi: solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoipelekea umeme) inashika, volti zinaanguka, inaachia, inashika tena. Likilia "tak" moja nzito halafu kimya, solenoidi imevuta lakini stata haikuzunguka. Likiwa kimya kabisa, amri ya funguo haijafika kwenye stata. Na stata ikizunguka vizuri bila injini kuwaka, achana na betri na stata, nenda kwenye mafuta.

Wengi hukwama kwenye zile sauti mbili za kwanza, na sababu ni namna wanavyopima. Mtu anaweka mita ya umeme juu ya betri, anasoma volti 12.6, anasema betri nzima. Anaweka kwenye stata, anasoma 12.6 tena, anasema stata imekufa. Lakini amepima wakati hakuna kazi inayofanyika. Kamba ya kisimani iliyobakiwa na nyuzi mbili itapandisha ndoo tupu bila shida. Ijaze maji ndiyo utajua. Mita inavuta umeme mdogo mno, stata inavuta ampea 100 na zaidi. Waya ulioliwa na kutu utaipa mita volti zote na kuinyima stata karibu zote.

Kwa hiyo pima wakati wa kazi. Weka gia fri, vuta kile kizimio cha injini ili lisiwake, mwenzako akae kwenye kiti ageuze funguo. Kwanza weka mita kwenye nguzo mbili za betri zenyewe. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika husoma 12.6 hivi; 12.2 maana yake imebaki kama nusu. Wakati wa kuzungusha stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hapo, ichaji kwanza mpaka ijae na upime tena. Ikirudia, sasa unaweza kuilaumu betri, ingawa stata inayokwama nayo inaweza kuivuta chini namna hiyo.

Kama betri imesimama imara na stata bado inasuasua, hamisha waya za mita. Mmoja uguse nguzo ya hasi ya betri, nasema nguzo yenyewe na siyo ile klempu, mwingine uguse chuma kitupu cha injini. Geuza funguo. Unatakiwa kuona chini ya volti 0.3. Ukiona 1 au 2, umempata mwizi: arthi, yaani ile njia ya kutoka hasi ya betri hadi chuma cha trekta. Volti hizo zinapotelea njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata. Hapo isizidi 0.5.

Arthi ndiyo ninayoishuku kwanza kwenye mitumba hii, na sababu ni rangi. Trekta linapigwa rangi mpya ili liuzike, na rangi inaingia hadi chini ya boliti ya arthi. Rangi haipitishi umeme. Linawaka wiki mbili za kwanza kwa bahati, kisha mtetemo wa shamba unalegeza ile nukta moja ya chuma iliyokuwa inagusa. Dawa yake ni msasa, spana, na grisi kidogo juu baada ya kukaza. Kabla ya kuanza, ondoa klempu ya hasi. Unaporudisha, hasi iwe ya mwisho.

Mita ikikuonyesha kwamba betri na njia zote mbili ni nzima, basi stata ishuke. Mara nyingi ni kaboni zinazopeleka umeme ndani yake zimeisha au visahani vya shaba ndani ya solenoidi vimeungua.

Kimya kabisa ni hadithi nyingine. Angalia fyuzi kubwa karibu na betri, kisha ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi: funguo ikiwa kwenye kuwasha, pawe na volti 12. Kama hakuna, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye swichi ya funguo na swichi za usalama. Matrekta haya yana swichi ya klachi, mara nyingine ya gia na ya PTO (shafti inayoendesha zana za nyuma), na baadhi yana ya kiti pia. Swichi ya klachi ikijaa vumbi na tope, trekta linakuwa bubu.

Hapa nitakuwa mkali. Mafundi wengi huunganisha waya moja kwa moja na kuipita swichi hiyo, mteja anafurahi, anaondoka. Wengine husimama mbele ya tairi la nyuma na kuwasha kwa bisibisi juu ya stata. Trekta likiwa kwenye gia litaondoka hapohapo na kumpanda aliyesimama. Watu wamekufa hivyo, katika nchi nyingi. Swichi haina bei ya kutisha. Mimi siipiti, hata mteja akikasirika.

Stata inazunguka ila haliwaki? Washa funguo bila kuzungusha, sikiliza kwenye pampu ya dizeli: solenoidi ya mafuta, ile inayoyaruhusu yapite, kwa kawaida hutoa mlio mdogo. Isipolia, ipime kama inapata volti 12. Hita plagi watu huzilaumu kupita kiasi. Kwa joto letu la mwezi wa 11 ni nadra kuwa ndizo. Asubuhi za Juni na Julai ndipo zinapohesabika.

Kuchaji nitapita haraka. Injini ikizunguka wastani, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, angalia mkanda na fyuzi, halafu ujue una mashine ipi: mengi ya matrekta madogo yana dinamo ndogo ya sumaku yenye regyuleta (kidhibiti cha volti) pembeni, na hiyo regyuleta ndiyo hufa kabla ya dinamo. Usiondoe betri injini ikiwa inawaka "ili kujaribu dinamo". Unaua regyuleta kwa mkono wako.

Kuhusu panya wanaotafuna waya sina la kitaalamu: baada ya miezi ya kusimama ghalani, fungua boneti uangalie kabla ya kugeuza funguo. Na zile taa za kulimia usiku, redio, chaja ya simu, zote zimefungwa kwenye betri bila fyuzi, au fyuzi imebadilishwa na msumari: zitoe leo. Waya ukipiga shoti, kitakachoungua ni trekta.

Halafu kuna betri inayohamia sebuleni. Kiangazi trekta halina kazi, betri inaingizwa ndani kuwasha taa na televisheni. Betri ya gari ina sahani nyembamba, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa tena. Ukiikausha kila usiku, Novemba itakuwa jiwe. Kama una sola, nunua betri ya sola kwa ajili ya nyumba. Ya trekta iache ghalani, waya wa hasi umetolewa, uichaji mara moja kwa mwezi kupitia kontrola ya sola, kamwe siyo paneli moja kwa moja. Na kama ni ile yenye vifuniko, ongeza maji ya betri kabla sahani hazijaanza kuonekana. Maji ya bomba hapana, asidi hapana.