2520 si namba ya pekee

Ujumbe huu hauzeeki. Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nairobi, liwe la chama au la wazazi wa shule, unarudi kila baada ya muda: eti 2520 ndiyo namba pekee inayogawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, na aliyeigundua ni Ramanujan, mwanahisabati wa India. Tena eti ndiyo jibu la siku 7 za wiki × siku 30 za mwezi × miezi 12 ya mwaka.

Kugawanyika, inagawanyika. Upekee ndio haupo. Izidishe kwa 2 upate 5040, kwa 3 upate 7560. Nazo zinagawanyika vilevile, na nyingine kama hizo hazina mwisho. 2520 ni ndogo kuliko zote, basi. Kuipata si muujiza: 8 inadai 2 tatu (2 × 2 × 2), 9 inadai 3 mbili (3 × 3), kisha zinakuja 5 na 7. 8 × 9 ni 72, mara 5 ni 360, mara 7 ni 2520. Zilizobaki, kama 6 na 10, zimeshatoshelezwa humo. Hesabu ya namna hii Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Ramanujan hakutajwa bure kabisa. Mwaka 1915 alichapisha utafiti kuhusu namba zenye vigawo (namba zinazoigawanya bila baki) vingi kuliko namba yoyote iliyo chini yake, na 2520, yenye vigawo 48, ni mojawapo.

Na ile ya siku 7 × siku 30 × miezi 12? Jibu ni 2520 kweli, ila kalenda ya miezi yote ya siku 30 sijaiona ikiuzwa River Road.