Ukishakaa, Jitikise: Usalama wa Ndege za Mafunzo

Ndege ya mafunzo haina maisha ya starehe. Ndani ya saa moja inaweza kutua mara sita au zaidi mikononi mwa mtu ambaye bado anajifunza, na mara nyingine ni kwa kishindo. Nyingi zimezeeka pia, zilitoka kiwandani miaka ya 1970.

Tuanze na kiti, maana hakuna anayekitilia maanani. Kwenye ndege ndogo aina ya Cessna 152 na 172, kiti cha rubani huteleza juu ya reli na kushikiliwa na pini inayozama tunduni. Kwa miaka tundu hupanuka na pini hulika. Mwanafunzi anafungulia injini nguvu zote, pua inapanda, mara kiti kinaachia na kurudi nyuma. Mikono bado imeng'ang'ania usukani, kwa hiyo anauvuta kwa uzito wa mwili mzima. Pua inazidi kuinuka, mabawa yanashindwa kuibeba ndege, na ardhi iko karibu mno. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliamuru mwaka 1987 reli hizo ziwe zinakaguliwa. Wewe ukishakaa, jitikise mbele na nyuma kwa nguvu kabla ya kuwasha injini.

Angalia na mkanda. Huko Marekani, mkanda wa bega ni lazima kwa viti vya mbele vya ndege ndogo zilizoundwa baada ya Julai 18, 1978. Za kabla ya hapo unaweza kukuta ule wa kiunoni tu, na wa kiunoni hauzuii kichwa kugonga dashibodi.

Kifaa cha kutuma ishara ya dharura nacho huwa pambo. Setilaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Sasa zinapokea 406. Uliza chenu ni kipi, na betri yake inaisha lini.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni hitilafu za mdomo. "Breki ya kushoto ikanyage mara mbili." "Hiyo geji ya mafuta usiiamini." Wakufunzi wanaambizana mlangoni, fundi akifungua kitabu cha ndege anakuta kurasa safi. Mimi mkaguzi, kitabu kisicho na doa hunitia shaka kuliko kilichojaa malalamiko. Ukiambiwa maneno ya namna hiyo, mwombe mkufunzi ayaandike na fundi ayajibu kwa saini, ndipo mpande.